Mavuno ya Silikoni na Daftari la Hasara

Miyuji i upande wa kaskazini wa mji wa Dodoma, na mtu akaaye huko hana budi kuzoea upepo na vumbi. Tangu mwezi wa Juni mpaka mvua za kwanza zinyeshapo, upepo wa uwanda huu wa kati huvuma karibu kila siku, na vumbi huingia nyumbani, vitabuni na katika chakula. Majira hayo hayo ndiyo magunia ya alizeti yaletwapo kukamuliwa. Karibu na nyumbani kwangu pana mashine moja ndogo ya kukamua, na mwenye mali huipima kazi ya siku kwa idadi ya madumu ya mafuta. Lakini fundi wake, kijana ambaye masomo yake yalikoma darasa la saba, ana daftari lake mwenyewe, na ndani ya daftari hilo hapana hata dumu moja. Ameandika saa ambazo mashine haikufanya kazi, na mbele ya kila saa sababu yake: umeme hakuna, mkanda umekatika, mbegu zina mchanga, hapana mbegu, tumekaa. Nilipomwuliza kwa nini huandika mabaya matupu, alinijibu, "Mwalimu, mafuta yaliyotoka kila mtu anayaona. Yale yaliyokosa kutoka, nisipoyaandika mimi, nani atayajua?"

Maneno hayo yamenirudia mara nyingi nikisoma habari za viwanda ambavyo kwa sura havifanani hata kidogo na banda lile. Ni viwanda vya semikondakta, yaani vile vitengenezavyo chipu zilizomo katika simu, redio, magari na mashine za kukokotoa. Jinsi kazi ya viwanda hivyo ilivyopata kupimwa na kutengenezwa ni sura ya historia ambayo haijaandikwa sana kwa Kiswahili. Nionavyo mimi, kiini cha sura hiyo ni kwamba watu wale walifanikiwa tangu siku walipojifunza kuandika hasara zao kwa uaminifu kuliko walivyoandika faida zao.

Lakini kabla ya kwenda ng'ambo, na tuanze hapa Ugogo, kwani kinyume cha jambo hilo kilitendeka mlangoni petu. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company aliishauri serikali ya Uingereza, ambayo baada ya vita ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ilime karanga kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Tume iliyoongozwa na John Wakefield, ambaye alikuwa amepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ilizunguka muda wa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi iliitazama kutoka katika ndege. Februari 1947 ilitolewa taarifa ya serikali yenye hesabu safi ajabu: mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Hilo halikuwa shamba kama mkulima alijuavyo. Lilikuwa kiwanda kilichotandazwa juu ya ardhi, chenye zamu, karakana na malengo ya mwaka.

Kazi ilianzia Kongwa, mashariki ya Dodoma. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000; zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa mbali, na kabla mwaka 1947 haujakwisha kiasi cha theluthi mbili ya yale yaliyoletwa yalikuwa hayafai kazi. Mizizi ya vichaka iliyavunja majembe, na udongo, ukiisha kunyeshewa na kukauka, uligeuka kuwa kama saruji. Hata hivyo kipimo kilichotajwa mbele ya watu kwa muda mrefu kilikuwa ekari: ekari zilizofyekwa, ekari zilizotarajiwa. Saa za trekta bovu hazikuwa na safu yake katika taarifa zilizosomwa London. Shirika la Overseas Food Corporation lilipokwisha ichukua kazi hiyo mwaka 1948, wakaguzi wa hesabu hawakuweza kuthibitisha kuwa vitabu vya mwaka wake wa kwanza vilitunzwa ipasavyo. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekoma, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa.

Wagogo wenyewe walikuwa na hesabu ya namna nyingine. Walizipa njaa zao majina, na ile kubwa iliyoangukia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata waliiita Mtunya. Taifa liwekalo kumbukumbu ya miaka yake kwa majina ya njaa limekwisha fahamu, bila kufundishwa na mtu, kwamba yaliyokosekana yafaa kuandikwa kama yaliyopatikana. Hapana aliyewauliza.

Sasa mwaka ule ule wa 1947, mwezi wa Desemba, wakati matrekta ya Kongwa yalipokuwa yamelala karakana, John Bardeen na Walter Brattain katika maabara ya Bell, Murray Hill, New Jersey, walifaulu kuukuza mkondo mdogo wa umeme kwa kipande cha jarumani, ambayo ni madini yasiyopitisha umeme kama shaba wala kuuzuia kama kioo. Chombo hicho kiliitwa transista. Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha kwamba vyombo kadhaa vyaweza kutengenezwa katika kipande kimoja, na mwaka uliofuata Robert Noyce wa Fairchild alipata njia iliyofaa kiwanda, akitumia silikoni. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi tunayoizungumza.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Kisahani chembamba cha silikoni safi hupakwa dawa, huchapwa michoro kwa mwanga, huchimbwa kwa gesi au asidi, hutiwa chembe za madini mengine, kisha huanza tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka hatua zifike mamia. Mwisho wake kisahani hukatwa vipande vidogo, na kila kipande ni chipu. Chipu huwa nzima au huwa mbovu, nayo mbovu ni ya kutupwa. Punje moja ya vumbi, ndogo mno kuliko unene wa unywele, yatosha kuiua. (Msomaji wa Dodoma na azingatie jambo hilo, akitazama meza yake mwezi wa Agosti.) Mwaka 1960 Willis Whitfield wa maabara ya Sandia alibuni chumba ambacho hewa iliyochujwa hushuka daima kama maji na kufagia vumbi lote chini, na vyumba vya namna hiyo vimekuwa desturi ya kazi hiyo tangu hapo.

Sehemu ya chipu nzima katika kisahani wenyewe waliipa jina la mavuno. Sijui neno jingine la kiwanda lililotoka shambani waziwazi kama hilo. Lakini angalia tofauti yake na ekari za Kongwa. Ekari husema ni kiasi gani kilichoshughulikiwa; mavuno husema ni kiasi gani kilichosalimika. Na hesabu ya kusalimika ni hesabu kali. Chukua kazi ya hatua 300, na useme kila hatua hufaulu mara 99 katika 100. Mtu angedhani hiyo ni kazi njema. Lakini zidisha 99 kwa 100 mara 300, utaona kwamba chipu 5 tu katika 100 zitafika mwisho zikiwa nzima. Zipandishe hatua hizo zifaulu mara 999 katika 1,000, nazo zitakazofika zitakuwa 74 katika 100. Wanahesabu walilitazama jambo hilo kwa njia ya ukubwa pia, na makala ya B. T. Murphy ya mwaka 1964 ni ya msingi katika elimu hiyo. Kwa hesabu iliyo rahisi kuliko zote, kama kasoro zimetapanyika ovyo kwa wastani wa moja katika kila sentimita ya mraba, chipu yenye ukubwa huo itasalimika mara 37 katika 100. Yenye nusu ya ukubwa huo mara 61. Na yenye ukubwa maradufu mara 13 au 14 tu. Basi kasoro moja isiyojulikana ilikotoka ilikuwa fedha inayotupwa kila siku, na kuitafuta kukawa kazi ya heshima.

Si kila taifa liliitafuta kwa bidii moja. Kupima kasoro kwa njia ya takwimu kulikuwa kumebuniwa Marekani: Walter Shewhart, aliyekuwa Western Electric na baadaye maabara ya Bell, alichora mwaka 1924 ule mchoro ambao kwao mfanyakazi huweza kutenga badiliko la kawaida na badiliko lenye sababu. Baada ya vita mwanafunzi wa fikira zake, W. Edwards Deming, alialikwa Japani mwaka 1950 kufundisha wahandisi na wakubwa wa viwanda, na mwaka 1951 Wajapani walianzisha tuzo yenye jina lake. Nyumbani kwake hakusikilizwa sana kwa miaka thelathini. Nami naona ajabu kwamba mambo anayokumbukwa nayo si hesabu tu. Katika kanuni zake 14, moja ni kuiondoa hofu kazini. Kwa haraka mtu aweza kuidhania hiyo kuwa nasaha ya mhubiri, kumbe ni sharti la kipimo chenyewe, kwa sababu mfanyakazi anayeogopa kukatwa mshahara kwa ajili ya kisahani kilichovunjika hatakiandika, na hesabu isiyo na kisahani hicho ni uwongo hata ikichorwa kwa rangi tatu.

Deni hilo lilidaiwa Machi 1980. Richard Anderson wa kampuni ya Hewlett-Packard alisimama mbele ya mkutano Washington akaeleza yale ambayo kampuni yake ilikuwa imeyaona katika kuzikagua chipu za kumbukumbu ilizonunua kwa watengenezaji watatu wa Marekani na watatu wa Japani. Aliye bora miongoni mwa Wamarekani alikuwa nyuma ya aliye wa mwisho miongoni mwa Wajapani. Wauzaji wa Marekani waliokuwamo ukumbini walikuwa wamezoea kujipima kwa idadi ya chipu zilizotoka, wala hawakuwa tayari kwa kipimo cha zile zilizokufa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1985, Intel, ambayo chipu za kumbukumbu ndizo zilizoijenga, iliiacha biashara hiyo.

Kilichofuata ndicho kinipendezacho kuliko yote. Washindani waliokuwa wakifichana kila kitu walianza kukubaliana juu ya maana ya maneno. Mwaka 1986 chama cha watengenezaji wa mitambo ya kazi hiyo, SEMI, kilitoa kanuni iitwayo E10, na kanuni hiyo haisemi neno lolote juu ya namna ya kutengeneza chipu. Yasema tu kwamba saa zote za mtambo, mchana na usiku, ni za namna sita, wala hapana saa iliyo nje yake: saa ya kuzalisha; saa ya kuwa mzima lakini kungoja, ama kazi ama mtu; saa ya wahandisi kufanya majaribio; saa ya matengenezo yaliyopangwa; saa ya kuharibika bila kupangwa; na saa ambayo kiwanda hakikukusudia kufanya kazi. Mtu anaweza kuuliza lipo fumbo gani katika orodha hiyo. Fumbo ni kwamba kabla yake kila mwenye mtambo aliweza kuzihamisha saa zake mbaya mahali pasipoonekana, muuzaji akasema mtambo wake haukuharibika bali ulikuwa unarekebishwa, na mnunuzi akasema kinyume chake. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nililikumbuka lile daftari la Miyuji. "Mkanda umekatika" ni namna ya tano. "Hapana mbegu, tumekaa" ni namna ya pili.

Mwaka 1987 kampuni 14 za Marekani ziliungana kuunda SEMATECH, na serikali yao ikachangia kiasi cha dola milioni 100 kwa mwaka; kazi ikawekwa Austin, Texas, na Noyce mwenyewe akawa mkuu wake tangu 1988 hadi alipofariki mwaka 1990. Wakati huo huo fikira za Seiichi Nakajima wa Japani zilienea kwa Kiingereza. Kipimo chake huzidisha mambo matatu: mtambo umekuwa tayari sehemu gani ya muda, ukiwa tayari umekwenda kwa mwendo gani ukilinganishwa na mwendo wake wa haki, na vilivyotoka vizima ni sehemu gani. Wakubwa hupenda kutaja wastani wa mambo hayo, lakini wastani hudanganya. Mtambo uliokuwa tayari 80 katika 100, ukaenda kwa 80, ukatoa vizima 90, haukufanya kazi 83 katika 100 bali chini ya 58. Nakajima aliona kwamba kiwanda chema chapasa kufika 85, na hiyo ni tayari 90, mwendo 95 na vizima 99 vikizidishwa. Laiti matrekta ya Kongwa yangepimwa hivyo kwa mwezi mmoja tu, taarifa ya London isingeandikwa kama ilivyoandikwa.

Tangu mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Robert Leachman na David Hodges na kusaidiwa na mfuko wa Alfred P. Sloan, walivitembelea viwanda vya semikondakta vya Marekani, Asia na Ulaya na kuvilinganisha kwa vipimo vilivyo sawa. Walikuta tofauti kubwa mno baina ya viwanda vyenye mitambo ya namna moja. Wasioshika nafasi ya juu hawakuwa wamenyimwa mashine. Walikosa, kwa maneno mafupi, habari za hasara zao wenyewe, na desturi ya kuwashirikisha mafundi wa chini katika kuzitafuta sababu zake.

Hapa yafaa niseme neno juu ya kosa ambalo hata wapimaji hodari hulifanya. Kwa kuwa mtambo mmoja wa kuchapa kwa mwanga uwezao kazi ndogo kuliko zote sasa hununuliwa kwa dola zaidi ya milioni 150, msimamizi hushawishika kusema kwamba usikae bure hata dakika moja. Lakini foleni ina sheria zake, na kila mama aliyewahi kungoja maji kisimani Dodoma azijua. Kwa hesabu rahisi ya mhudumu mmoja na watu wajao bila mpango, mhudumu akishughulika 80 katika 100 ya muda wake, mtu atakaa pale mara tano ya muda wa kuhudumiwa. Akishughulika 90, mara kumi. Akishughulika 95, mara ishirini. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni nyingine iliyo rafiki wa hiyo: vitu vilivyomo ndani ni sawa na viingiavyo kwa siku vikizidishwa kwa siku vinazokaa. Kiwanda kiingizacho visahani 1,000 kila siku, kila kimoja kikikaa siku 60, kina visahani 60,000 njiani, vikingoja vumbi na ajali. Tena kasoro iliyoingia leo itagunduliwa baada ya siku 60, wakati visahani vingine 60,000 vimekwisha pita mlango huo huo. Kwa hiyo kule kuubana mtambo upate kuonekana hodari kwaweza kukiua kiwanda.

Samsung ya Korea ya Kusini ililishughulikia jambo hilo baina ya 1996 na 1999 pamoja na Leachman. Muda wa kutengeneza chipu za kumbukumbu, uliokuwa umepita siku 80, ulishuka chini ya 30, na kwa kuwa bei ya chipu za namna hiyo hushuka kila mwezi upitao, wenyewe walikadiria kwamba haraka hiyo iliwapatia karibu dola bilioni moja ambazo wangalizikosa. Hawakupata fedha hiyo kwa kujenga kiwanda kipya. Waliipata katika saa za kungoja.

Katika Afrika ya Mashariki viwanda vya namna hiyo ndiyo kwanza vinaanza kuota. Nyeri, Kenya, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited. Tanzania haina, lakini tangu mwaka 2013 Wizara yake ya Viwanda, kwa msaada wa Wajapani, imekuwa ikifundisha viwanda vya kawaida ile desturi ya kutengeneza kidogo kidogo iitwayo kaizeni, ambayo imetoka katika chemchemi ile ile ya Shewhart na Deming. Wanafunzi wangu huniuliza kama nchi yetu itapata kutengeneza chipu, na huuliza kana kwamba shida yote ni fedha za kununulia mashine. Fedha ni shida kweli. Lakini Kongwa fedha zilikuwapo, na mashine zilikuwapo kwa mamia. Kilichokosekana ni safu moja katika karatasi, na mtu wa chini mwenye ruhusa ya kuijaza.

Ruhusa hiyo si jambo dogo. Mwaka jana mwenye mashine ya alizeti aliliona daftari la fundi wake juu ya gunia, akaanza kulisoma amesimama. Nilikuwapo. Alisoma kimya habari za umeme na za mikanda mpaka alipofikia mstari uliosema, "Saa moja na nusu, tumemsubiri mzee na ufunguo." Alilifunga, akamtazama kijana, na kijana akatazama chini. Hapana aliyesema neno. Ufunguo wa pili ulichongwa wiki ile ile. Mkanda haujabadilishwa bado.